Siku tisini baada ya goti jipya

Maneno ya kamati ya afya mbele ya mkutano wa wanachama, Nyankunde

Leo tunataka kusema juu ya maumivu. Si juu ya operesheni yenyewe. Operesheni imesemwa sana katika mikutano iliyopita, pesa zake zinachangwa, majina yako kwenye orodha. Tunataka kusema juu ya zile siku tisini zinazofuata, wakati mgonjwa amekwisha kurudi nyumbani, daktari aliyempasua yuko ng'ambo ya ziwa, na goti linauma kuliko lilivyouma mbele ya kupasuliwa. Hapo ndipo goti linapopona au linapoharibika. Na kwa siku hizo sanduku letu halina sehemu yoyote iliyotengwa.

Wengine wanauliza juu ya nini chama cha watu waliorudi kinahangaika na magoti, wakati kuna nyumba za kujenga na watoto wa kusomesha. Jibu ni umri wetu. Tarehe 5 Septemba 2002, hapa Nyankunde, mashambulizi yalianza, na waliouawa katika siku zile wanahesabiwa kuwa zaidi ya elfu moja, wagonjwa waliokuwa vitandani hospitalini wakiwemo. Waliopona walipita porini kwa miguu mpaka Oicha na Beni. Aliyekuwa na miaka arobaini siku ile, leo amepita sitini. Hatusemi kwamba safari ile ndiyo iliyoharibu magoti. Goti linaharibika kwa sababu nyingi: umri, uzito wa mwili, mizigo ya kichwani na mgongoni, kulima kwa kuinama, na pengine jeraha la zamani ambalo halikutibiwa vizuri. Lakini mtu aliyerudi na kujenga tena kwa mikono yake, halafu akashindwa kufika shambani kwake sababu ya goti, huyo amekimbizwa mara ya pili.

Kwanza tueleze kwa kifupi kazi yenyewe, sababu kuna watoto wanaofikiri bibi yao atakatwa mguu. Mguu haukatwi. Daktari anafungua goti, anachonga sehemu nyembamba iliyoharibika kwenye mwisho wa mfupa wa paja na mwanzo wa mfupa wa muundi, anavika chuma pande zote mbili, na katikati anaweka plastiki ngumu ili chuma kisisuguane na chuma. Maumivu yale ya zamani, ya mfupa kusaga mfupa, hapo yanaisha. Lakini yanakuja mengine, ya kisu, ya nyama iliyofunguliwa na mfupa uliochongwa. Hayo ni maumivu ya kupona, na yana muda wake: majuma mawili ya kwanza ni makali, kisha yanapungua kidogo kidogo mpaka juma la sita, mpaka la kumi na mbili. Uvimbe na joto kwenye goti vinaweza kukaa miezi kadhaa. Upande wa nje wa kovu ngozi inaweza kubaki na ganzi. Mambo haya yote ni ya kawaida, na mtu akiambiwa mapema hatakesha usiku akifikiri chuma kimeoza ndani.

Watu wetu wawili walioipata operesheni hii waliipata Kampala. Wengine katika Afrika ya Mashariki wanaipata Nairobi, au Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Majina ya hao wawili hatuyaandiki, sababu karatasi hii inasomwa mbali, lakini wenyewe wametukubalia kusimulia habari zao.

Wa kwanza ni mama. Alirudi siku ya kumi na mbili, na dawa za majuma mawili kwenye mfuko wa plastiki. Pesa za familia ziliishia njiani: mtumbwi wa motari, pikipiki, kulala Kasenyi, gari. Juma la tatu la kuwa nyumbani dawa zikaisha, mama akanyamaza. Alikuwa anaketi mlangoni, mguu juu ya kiti kidogo, kitenge kimekunjwa chini ya goti, sababu goti likikaa limekunjika kidogo haliumi sana. Waliopita walimsalimia: “Mama, uko namna gani?” Akajibu: “Niko muzuri, Mungu ni mwema.” Usiku tu ndipo alimwambia mjukuu wake: “Goti iko naniluma.” Majuma matano yalipita hivyo. Alipotaka kusimama sawasawa, mguu haukunyooka tena, wala haukukunjika vya kutosha kukaa kwenye kiti. Kinezi, yaani yule fundi wa mazoezi ya viungo, alifanya kazi naye miezi minne kumrudishia sehemu ya kile kilichopotea. Leo mama anafika sokoni na fimbo. Goti lile halinyooki kabisa.

Wa pili ni papa, alipasuliwa mwaka uliofuata. Binti yake ni mwalimu. Alichukua daftari la shule akapiga mistari: saa, dawa, mazoezi, usingizi. Papa alimwita “kapita wangu”, na hakuwa anacheka aliposema hivyo. Saa ikifika, kapita anasimama na glasi ya maji. Nusu saa baadaye kapita anasema, haya papa, kunja. Papa alilalamika. Alilalamika kwa sauti, majirani wakasikia, mchungaji akaja kuuliza kama kuna shida nyumbani. Sisi tunasema kulalamika kule kulikuwa sehemu ya dawa, sababu kila alipolalamika binti aliandika, na alipoandika alijua lini kuongeza mapumziko na lini kumpigia simu daktari. Mwisho wa juma la pili papa alikunja goti kufikia pembe ya kiti, yaani aliweza kukaa kwenye kiti cha kawaida na unyayo wake sawasawa chini. Mwezi wa tatu alikwenda shambani kuangalia maharagwe yake. Kuangalia tu, kapita alikataa jembe.

Ni madaktari wenye ujuzi uleule, na chuma cha namna ileile. Kilichowatofautisha hao wawili ni dawa za majuma kumi, daftari moja, na mtu mmoja wa kushika saa.

Sasa tunagusa jambo ambalo ni gumu kusema mbele ya wazee. Sisi ni watu wa kuvumilia. Kanisani tumefundishwa uvumilivu, na maisha yametufundisha zaidi ya kanisa. Mtu aliyepita porini na mtoto mgongoni anaona haya kulia juu ya goti mbele ya jirani aliyepoteza watoto watatu. Tunaelewa haya hiyo, na tunaiheshimu. Lakini goti lililopasuliwa halipewi nguvu na uvumilivu. Maumivu yasipotulizwa, mtu hakunji. Asipokunja, kovu linajengeka ndani ya goti na kulikamata kama kamba. Majuma sita ya kwanza ndiyo yenye kazi kubwa. Baada ya hapo kila kipande kidogo cha kukunja kinalipwa kwa bei kubwa. Kuna wagonjwa wanaorudishwa hospitalini ili daktari awalaze na kulikunja goti kwa nguvu wakiwa usingizini. Kwetu hapo ni safari nyingine ya ziwa.

Kwa hiyo tunawaomba ninyi mnaokaa na mgonjwa msimuulize “unaumwa?” Mzee atasema hapana. Wauguzi huuliza maumivu kwa namba, kutoka sifuri mpaka kumi, na ni njia nzuri, lakini mzee wetu mmoja alipoulizwa alijibu “mbili” huku jasho linamtoka. Muulize mambo ambayo hayana aibu. Umelala masaa ngapi? Umekwenda chooni mwenyewe? Leo umekunja mpaka wapi, na jana mpaka wapi? Majibu ya hapo hayafichiki.

Tuje kwenye dawa zenyewe. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilipanga dawa za maumivu kama ngazi, kwa ajili ya wagonjwa wa kansa. Chini kuna parasetamoli na zile za jamii ya ibuprofeni, katikati kodeini na tramadoli, juu mofini. Mwenye kansa anapanda ngazi kadiri ugonjwa unavyokua. Mwenye goti jipya anafanya kinyume: anaanza juu siku za kwanza hospitalini, halafu anashuka. Dawa kali ndiyo inayoachwa mapema, parasetamoli ndiyo inayobaki mwisho.

Juu ya mofini tuseme neno, sababu hapa kwetu mtu akisikia jina hilo anaanza kuita familia. Uganda wanatengeneza mofini ya kunywa. Kazi hiyo ilianza Kampala mwaka 1993, pale daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa, na tangu 2004 sheria yao inaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Basi mgonjwa wetu akipewa mofini siku za kwanza Kampala, asifikiri madaktari wamekata tamaa naye. Wanataka aamke kitandani na kukanyaga chini, ambayo mara nyingi inafanyika siku ileile au kesho yake. Akiandikiwa kurudi nayo nyumbani, ibaki ndani ya chupa yake yenye jina lake, pamoja na karatasi ya daktari, ili mpakani asisumbuliwe.

Parasetamoli watu wanaidharau. “Hiyo ya watoto ya homa!” Lakini ikimezwa kwa saa, ndiyo nguzo inayobeba nyumba. Mtu mzima mwenye uzito wa kawaida huandikiwa vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya masaa sita: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku. Hiyo ni vidonge nane kwa siku, na nane ndio mwisho. Mtu mwembamba sana, au mwenye ugonjwa wa ini, au aliyezoea lotoko, anahitaji kipimo kidogo zaidi, na muuguzi ndiye atakayesema kiasi gani. Siri iko katika saa. Ukingoja mpaka maumivu yapande ndipo umeze, utakuwa unayakimbiza mchana kutwa bila kuyafikia. Na kidonge cha kabla ya mazoezi kimezwe nusu saa mbele, si wakati mguu umekwisha kuanza kukunjwa.

Hatari yake ni kuongeza bila kujua. Kwenye farmasi zetu kuna vidonge vya mchanganyiko, vya rangi nzuri, ndani yake parasetamoli imechanganywa na diklofenaki au ibuprofeni. Mtu anameza parasetamoli yake ya daktari, jirani anamletea vile vya rangi, kumbe ini linapokea mara mbili. Tunaomba kila kilichonunuliwa nje ya karatasi ya daktari kipite kwanza mbele ya muuguzi wa kituo cha afya.

Ibuprofeni na diklofenaki zinafanya kazi vizuri juu ya uvimbe, na daktari anaweza kuziandika kwa siku chache. Lakini wazee wetu wengi wako na tansiyo, wengine na sukari, wengine na kidonda cha tumbo. Dawa hizo zinaweza kupandisha tansiyo, kuumiza figo na kutoboa tumbo, na zinakuwa mbaya zaidi kwa mtu anayepewa dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo wengi wanaopasuliwa goti wanapewa kwa majuma kadhaa. Ile desturi ya kumwita kijana wa mtaani achome sindano ya diklofenaki kila asubuhi, tunaomba iishe nyumbani kwa mgonjwa wa goti. Iishe hata kama sindano inatuliza. Inatuliza kweli, ndiyo sababu watu wanaipenda.

Tramadoli nayo ina mahali pake, kwa muda mfupi na kwa karatasi. Inaleta kizunguzungu, na mzee mwenye magongo akipata kizunguzungu usiku njiani kwenda chooni anaweza kuanguka na kuvunja kile alichotengenezewa. Haichanganywi na pombe. Mtu mwenye kifafa amwambie daktari mapema. Na vijana wa nyumba, tunasema wazi: tunajua inauzwa barabarani na tunajua wanaoinunua si wenye magoti. Dawa ya bibi ifungiwe sandukuni. Dawa hizi kali zote zinafunga tumbo pia. Papai, mboga na maji mengi viwe karibu tangu siku ya kwanza, si siku ya tano wakati mgonjwa amekwisha kukataa chakula.

Kuna dawa nyingine zisizonunuliwa. Baridi inapunguza uvimbe. Hatuna barafu kila nyumba, lakini duka lenye frigo linaweza kugandisha chupa ya maji, au tumia kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungi wa udongo. Weka plastiki juu ya bandeji ili kidonda kisilowe, dakika kumi na tano mpaka ishirini, kisha ondoa. Barafu isigusane na ngozi. Wakati wa kulala, inua mguu kwa kuweka mto chini ya kisigino, kamwe si chini ya goti. Tunajua chini ya goti ndipo panapopendeza. Yule mama kitenge chake kilikuwa hapo, na hakuna aliyemwambia. Kisigino juu, goti linyooke hewani, hata kama ni dakika kumi tu halafu unapumzika.

Mazoezi ni mafupi, na mara nyingi kwa siku. Kukaza nyama ya paja na kusukuma goti chini kwenye kitanda. Kuvuta kisigino kuelekea matako ukiwa umelala. Kukaa kwenye kiti na kurudisha unyayo nyuma kidogo kidogo. Kutembea ndani ya lupango na magongo, mara nyingi na kidogo, kuliko mara moja na mbali. Goti litauma wakati wa mazoezi, na uchungu huo ukitulia baada ya kupumzika hakuna ubaya. Ukibaki mkali usiku kucha na uvimbe umeongezeka asubuhi, jana mlizidisha. Leo punguzeni, lakini msiache.

Mafuta ya kukanda, maji ya moto juu ya kidonda kibichi, kuchanja ngozi karibu na goti ili “damu mbaya itoke”: hapana. Hatuwatukani wazee wanaojua dawa za miti, wengi wetu tulitibiwa nazo tulipokuwa mafichoni na hapakuwa na kingine. Lakini goti hili lina chuma ndani. Mdudu akiingia kupitia wembe na kukaa juu ya chuma, vidonge peke yake mara nyingi havimtoi. Wanafungua goti upya.

Hapa tusimame kidogo, sababu ni jambo la kwetu kabisa. Homa. Katika Ituri homa ni malaria mpaka ionyeshwe vingine, na mara nyingi ni kweli. Mgonjwa wa goti akipata homa anapelekwa kituoni, anapimwa, anapewa dawa ya malaria, anarudi. Sawa. Lakini mwambieni muuguzi: “Huyu ana goti la chuma.” Afungue bandeji aangalie. Kidonda kinachotoa usaha au maji yasiyoisha, wekundu unaotanuka, maumivu yaliyokuwa yanashuka halafu yakapanda ghafula, hayo hayangoji dawa ya malaria imalizike. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, malaria damuni na usaha gotini. Na muundi ukivimba na kuuma kwa nyuma, hasa mguu mmoja, au mtu akikosa pumzi na kifua kinachoma, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda, na hapo mnakwenda hospitali saa ileile. Piga picha ya kidonda na simu kila baada ya siku mbili, mwangani, mahali palepale. Daktari wa ng'ambo anaona zaidi katika picha nne zilizopangwa kuliko katika maelezo yetu ya dakika ishirini.

Juu ya safari ya kurudi: kukaa bila kusogea masaa mengi kunagandisha damu. Gari lisimame, mgonjwa ashuke, atembee hatua chache. Akiwa amekaa achezeshe vifundo vya miguu. Dawa za njiani ziwe mfukoni mwake, si ndani ya valizi juu ya gari. Na dawa za usiku ziwe nyumbani kabla giza halijaingia, sababu katika hali ya njia zetu hakuna anayetumwa farmasi saa tano usiku.

Nyumba nayo inatengenezwa mbele ya operesheni, wakati mgonjwa bado anaweza kuonyesha kinachomsumbua. Choo cha shimo ndicho shida ya kwanza. Hawezi kuchuchumaa. Seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu, cha kuweka juu ya shimo, na mahali pa kushikia pande mbili. Kitanda kiwe cha kimo cha goti au zaidi, si mkeka. Kupiga magoti kanisani, wengi waliopasuliwa wanaona kunauma hata baada ya kupona. Wachungaji wetu wamekwisha kusema kwamba sala ya mtu aliyeketi inafika. Jembe na mizigo vingoje neno la daktari.

Wapo watakaofuata yote haya na bado wataumwa. Uchunguzi wa nchi za Ulaya na Marekani unaonyesha kwamba kati ya watu mia waliobadilishwa goti, kama kumi mpaka ishirini wanabaki na maumivu ya kuwasumbua hata baada ya miezi mingi. Mtu anayejiandikisha kwenye orodha yetu lazima aambiwe hili kabla hajauza mbuzi. Na si kila goti linaloumwa linaenda kwenye kisu. Kupunguza uzito kwa wale wenye uzito, mazoezi ya paja, fimbo iliyoshikwa mkono wa upande wa mguu mzima: kuna majina mawili yaliyojitoa wenyewe kwenye orodha baada ya miezi ya kazi hiyo.

Sasa pesa. Hospitali ya hapa, tangu wamisionari walipoianzisha katika miaka ya 1960, ilijulikana kwa kufundisha wauguzi, na wauguzi wa shule ile walienea mpaka vijiji ambavyo havikuona daktari. Tunasema hivyo kuwakumbusha wafadhili wetu kwamba kazi tunayoomba si ya mashine kubwa. Ni kazi ya muuguzi, kinezi, na mtu wa nyumbani. Tunajua picha ya siku ya operesheni inapendeza kwenye barua ya shukrani. Picha ya mzee anayemeza parasetamoli saa sita usiku haipendezi mtu. Lakini huko ndiko zawadi yenu inakokamilika au inakomwagika.

Tunapendekeza kwamba kila dosie ya goti igawanywe tangu mwanzo. Upande mmoja operesheni na safari. Upande wa pili siku tisini: dawa zote za karatasi ya daktari, nauli ya kinezi au ya kumfikia, magongo, kiti cha choo, yuniti za simu, na kifuta jasho kidogo kwa yule atakayeacha shamba lake kumhudumia mgonjwa. Pesa za upande wa pili zisiguswe hata kama mtumbwi umepanda bei. Na dosie isifunguliwe mpaka familia imetaja jina la kapita wake.

Mtu atasimama hapa na kusema: basi tutapasua watu wachache zaidi. Ni kweli. Tumepiga hesabu, na kwa pesa zilezile orodha itakwenda polepole. Aliye wa mwisho leo atangoja zaidi. Tumekwenda nyumbani kwake kumwambia sisi wenyewe, kabla ya mkutano huu. Aliuliza swali moja tu: kama yule mama wa kwanza angepewa kuchagua, angengoja? Tulimpelekea mama swali hilo. Alisema angengoja mwaka mzima.

Kura ni leo, kwa kunyosha mkono, baada ya chakula. Madaftari yenye mistari yako kwa mwandishi wa chama, na binti wa papa amekubali kuwaonyesha makapita wapya namna ya kuyajaza. Wenye mtu kwenye orodha wabaki Jumamosi asubuhi; seremala atakuwa hapa na kamba yake ya kupimia, aje kila mmoja na kimo cha kitanda chake.